Alikuwa hapo hapo muda wote

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwongozaji wa watalii, nakaa Likoni, na wageni wangu wengi nawapeleka hifadhi ya Shimba Hills. Mwezi uliopita nilikuwa na mzee mmoja kutoka Pennsylvania, Marekani, ambaye kwao ni mwindaji wa kulungu tangu ujanani. Alitamani sana kumwona dume mkubwa wa pongo. Nikampeleka kwenye kona moja ambapo huwa namwona dume mmoja mweusi. Tukazima gari, tukakaa karibu nusu saa, tukashuka na askari kutazama, hapana kitu. Tulipogeuza gari tuondoke, dume huyo akachomoka nyuma yetu, hazidi hatua ishirini, kwenye kichaka ambacho tulikuwa tumekipita kwa miguu. Mgeni akasema madume wazima ndivyo walivyo, alikuwa hapo hapo muda wote. Kwao dume mzee hamkimbii mwindaji, hujilaza mpaka apite. Je, ni kweli, au ni masimulizi ya wawindaji? Na kama ni kweli, mbona pongo wetu nao wafanye hivyo, na hapa uwindaji ulipigwa marufuku zamani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mgeni wako amesema kweli, ila amekupa nusu ya kisa. Dume mzee hukimbia, tena mbio za kweli, lakini mbio kwake ni akiba ya mwisho. Kabla ya kuzitumia hutulia alipo, au hujiondoa kwa hatua za pole kabla hujafika, au hukuzunguka akakaa nyuma yako akikutazama kisogoni. Yote hayo huyaoni. Unachokiona ni zile mbio tu, na kwa hiyo unadhani ndiyo tabia yake. Nusu ambayo mgeni hakuisema ndiyo yenye faida zaidi kwa kazi yako: dume huyo hakushughulika nawe nusu saa ile peke yake. Amekuwa akikusoma tangu ulipoanza kuwapeleka wageni kwenye kona hiyo, na ameshazipanga saa zake kwa kufuata zako.

Kwanza tutengeneze majina, maana hapa ndipo mazungumzo yako na mgeni yanapoweza kupotea njia. Mnyama wako sisi pwani tunamwita pongo, wengine mbawala, na wengine kulungu. Vitabu vya shule vikalichukua hili neno kulungu vikampa yule mnyama wa Ulaya na Marekani anayeangusha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine. Huyo anayewindwa na mgeni wako, kulungu wa mkia mweupe, hayuko Afrika kabisa. Katika bara letu wenye asili ya ukoo ule wako kaskazini tu, Algeria na Tunisia. Pongo ni ndugu wa tandala na pofu, na pembe zake zikishaota ni zake mpaka kufa. Lakini kwa mwenendo, pongo na kulungu wa mkia mweupe wanafanana kuliko nasaba yao inavyosema. Wote ni wanyama wa kichakani, si wa uwandani. Wote wakikimbia huinua mkia ukaona weupe. Kulungu akishtuka hupuliza kwa pua kama anayepiga chafya, akakanyaga chini kwa mguu wa mbele. Pongo hubweka, kubweka kwa mbwa hasa, hata kuna wageni walioniuliza nani anafuga mbwa ndani ya hifadhi. Kwa hiyo waliyoyajua Wamarekani kuhusu kulungu wao yanatufaa, tukiyachukua kwa uangalifu.

Nao wameyajua kwa njia ambayo haimtegemei msimuliaji. Waliwanasa madume, wakawavisha kola zenye GPS, chombo kinachoonyesha mnyama yuko wapi, wakawaachia, kisha wakaruhusu wawindaji kuingia msituni kama kawaida. Oklahoma watafiti walilinganisha sehemu zisizo na mwindaji, zenye wachache na zenye wengi. Matokeo yake yaliwashangaza wawindaji wenyewe. Madume hawakuhama. Walibaki kwenye maeneo yao yale yale, ila walipunguza kutembea, na kadiri siku za uwindaji zilivyosonga ndivyo wawindaji walivyozidi kutowaona, hali kola zinaonyesha wapo. Mtu anarudi nyumbani jioni anaapa kwamba wanyama wameisha, na dume amelala mita mia kutoka alipokuwa amekaa. Maryland, kwenye shamba ambalo wawindaji ni wachache na wenye nidhamu, watafiti waliona madume karibu hawakubadili kitu. Kwa hiyo si mtu mmoja anayembadilisha mnyama. Ni wingi wa watu, na kurudiarudia kwao.

Kisha kuna habari ya madungu. Wawindaji wa Marekani wengi hawanyatii kwa miguu. Hujenga dungu juu ya mti, sawa na lile letu la kuwingia ndege mpunga, wakakaa humo tangu alfajiri. South Carolina waliona kwamba kulungu hulijua dungu lililotumiwa. Mchana hulikwepa, usiku hupita chini yake bila wasiwasi, na hukaa siku kadhaa kabla ya kulisogelea tena mchana. Mnyama hakulikimbia eneo zima, amekikwepa kipande kimoja, kwa saa fulani. Sasa ifikirie kona yako. Kona hiyo ni dungu lako. Unafika na gari lile lile, mahali pale pale, saa ile ile ya asubuhi. Kwa nini asijue?

Watu hupenda kuuliza kwa nini asikimbie tu, aondoke, yaishe. Mwaka 1986 wanasayansi wawili, Ydenberg na Dill, walilieleza jambo hili kwa namna ambayo mfanyabiashara yeyote wa soko la Marikiti angeielewa mara moja: kukimbia kuna bei. Mnyama anaweza kuwa amemwona adui zamani, ila hakimbii mpaka gharama ya kubaki ipite gharama ya kuondoka. Dume wa kulungu ukimkuta mwisho wa msimu wa kupandana, ambao huko Marekani kwa sehemu kubwa ni Novemba, amefukuza majike wiki nzima bila kula vizuri, na anaweza kupoteza hata robo ya uzito wake. Mbio kwake ni mafuta ambayo hana. Pongo naye anaishi katika eneo dogo, mara nyingi halifiki kilomita moja ya mraba. Humo anajua maji, kivuli, majani mateke na mahali pa kujificha. Akikurupuka anatoka kwenye ramani aliyoihifadhi kichwani anaingia kwenye asiyoijua, tena kwa kelele, na kila mwenye masikio msituni amesikia. Kutulia ni rahisi zaidi, maadamu hujamwona. Na huwa hujamwona.

Nikusimulie nilichokiona mimi mwenyewe, maana jambo hili nililisoma vitabuni miaka mingi kabla ya kuliamini. Nilikuwa nimekaa tangu giza chini ya mti, juu kidogo ya kibonde katika hifadhi hiyo hiyo ya Shimba, upepo ukinijia usoni. Kulipopambazuka nikagundua kwamba doa jeusi nililokuwa nalichukulia kuwa kisiki linacheua. Dume mzima, kifua cheusi, mstari mweupe shingoni, pembe mbili zimesokoteka kuelekea juu. Tulikaa hivyo, yeye anacheua, mimi nafa ganzi ya miguu. Kisha zikaja sauti. Wanaume watatu waliokuwa wakienda kufyeka barabara, mapanga mabegani, wanazungumza Kidigo na kucheka. Taya lake likasimama. Halikusimama polepole, lilikatika katikati ya kutafuna, na tonge likabaki shavuni. Akakishusha kichwa mpaka kidevu kikagusa majani, akayalaza masikio, na nikwambie kweli, nilikuwa namtazama na bado nikampoteza. Wale watu wakapita hatua kumi kutoka kwake. Wakati wote walipokuwa wakitembea hakutikisa hata ngozi, na nzi alikuwa juu ya jicho lake. Halafu mmoja akasimama, akainama kufunga kamba ya kiatu. Hapo nikaona misuli ya mapaja ya nyuma ikikusanyika chini ya ngozi kama mtu anayekunja ngumi. Yule bwana akainuka, akawakimbilia wenzake, na misuli ikalegea. Alingoja. Sauti zikafifia, zikaisha, bado akangoja. Nilipoanza kudhani amelala, taya likaendelea kutafuna lile tonge lile lile. Baadaye akainuka, akajinyoosha mgongo, akaenda mpaka njiani, akazinusa nyayo zao moja moja, kisha akashika njia kuelekea walikotoka.

Kulekule walikotoka. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Mahali salama kuliko pote siku ile palikuwa mahali ambapo watu walikuwa wameshapita.

Na zingatia ile kamba ya kiatu. Wawindaji wa kulungu wazoefu wanakubaliana juu ya jambo hili, na waongozaji wa mbuga nao watakwambia: anayepita hutisha kidogo kuliko anayesimama. Mtu anayetembea kwa mwendo mmoja anasema, nina safari yangu. Mtu anayesimama ghafla anasema, nimeona kitu. Chui naye husimama kabla hajaruka. Gari ni vivyo hivyo. Wanyama wa hifadhi wamelizoea linapopita, ila injini ikizimwa na mlango ukifunguliwa, hesabu imebadilika. Nyinyi mlifanya yote mawili, kisha mkashuka na miguu. Namshangaa huyo dume kwa moyo aliokuwa nao.

Sasa anakusomaje? Pua ndiyo mwalimu mkuu. Masikio humwambia kuna kitu, macho humwambia kinasogea, lakini pua humwambia ni nani, na akishaambiwa na pua haulizi tena. Wewe ni mtu wa pwani, upepo unaujua. Wakati wa kusi, mnyama aliye upande wa kaskazini mwako ameshakunusa kabla hujazima injini. Wakati wa kaskazi ni aliye kusini magharibi mwako. Vilimani kuna jambo la ziada: asubuhi mapema upepo ukitulia, hewa baridi huteremka mabondeni kama maji, nayo huibeba harufu yako. Ukishuka na wageni kwenda maporomoko ya Sheldrick saa hizo, harufu yenu inafika chini kabla yenu. Jua likishapata nguvu hewa hugeuka ikapanda. Dume mzee huchagua pa kulala akilijua hilo. Aghalabu utamkuta upepo unamjia kwa nyuma, kulikojificha, na macho yake yanatazama mbele, kulikowazi. Basi pua inalinda mgongo na macho yanalinda uso.

Macho yake nayo si kama yetu. Kulungu, swala, ng'ombe na mbuzi hawaoni rangi nyekundu kama tuionavyo. Ndiyo maana Pennsylvania sheria inawataka wawindaji wa bunduki wavae rangi kali ya machungwa, ili wasipigane risasi wenyewe kwa wenyewe, na kulungu haioni kuwa kitu cha ajabu. Huko msimu mkuu wa bunduki ulikuwa ukifunguliwa Jumatatu baada ya sikukuu yao ya Shukrani, na tangu 2019 hufunguliwa Jumamosi. Siku hiyo milima hujaa machungwa matupu, na dume mzee anahangaishwa na mnuko na mvunjiko wa matawi kuliko nguo. Bluu, kinyume chake, wanaiona vizuri kuliko sisi. Wageni wako wote wanaokuja na suruali za jinzi wamevaa rangi mbaya kuliko zote.

Kuhusu umri: kuishi kwingi ni kuona mengi, na hili kwa madume ni kweli tupu. Kulungu dume wa mwaka mmoja na nusu ndiye anayepigwa kirahisi. Hutoka uwanjani mapema, husimama kukushangaa, hukimbia kidogo akageuka kutazama. Anayefika miaka minne au mitano ni yule aliyeyaacha hayo. Lakini usidhani wote wamejifunza. Wengine walizaliwa na woga na woga ukawafaa. Kule Alberta, Kanada, utafiti uliochapishwa 2012 juu ya wapiti, jamaa mkubwa wa kulungu, ulionyesha kwamba waliouawa na wawindaji ni wale waliokuwa wakitembea zaidi, na waliosalia ni wale waliotembea kidogo na kupenda msitu mnene wanapokuwa karibu na barabara. Bunduki ilikuwa inachagua tabia. Kwa hiyo ukimwona dume mzee mwenye hadhari, unatazama mambo mawili yaliyochanganyika, elimu yake na kufa kwa wenziwe. Ya elimu hatuhitaji kwenda mbali. Watazame kunguru wetu wa Mombasa. Mpita njia akiinama kuchukua kitu, kunguru ameshapaa kabla mkono haujagusa chini, na wewe ulikuwa unaokota sarafu yako. Hakuna aliyemfunza zaidi ya mawe aliyotupiwa.

Sasa swali lako la pili, na ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu huu. Ni kweli uwindaji wa Kenya ulipigwa marufuku 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 imeweka adhabu kali. Lakini pongo hakupata elimu yake kwa Mzungu mwenye leseni. Mwalimu wake wa kwanza ni chui, na chui yupo Shimba. Kwa chui pongo ni mlo wa siku zote, na kujilaza kimya na kukaa penye kivuli kinene ni mbinu za zamani kuliko bunduki na kuliko upinde.

Mwalimu wa pili ni sisi, hata tukiwa hatuna silaha. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti uliofanywa eneo la Kruger, Afrika Kusini. Walificha vipaza sauti na kamera kwenye maji, wakacheza sauti za watu wanaozungumza kwa utulivu, miguno ya simba, mbwa na milio ya bunduki. Wanyama walielekea kukimbia mara mbili zaidi waliposikia watu kuliko waliposikia simba. Mazungumzo ya kawaida tu, kama yangu na yako. Na 2018 kundi jingine lilikusanya tafiti 76 za aina 62 za mamalia kutoka mabara sita, likaona kwamba penye watu wanyama huhamia usiku: mnyama ambaye angegawa shughuli zake nusu mchana nusu usiku, hufikisha asilimia 68 usiku. Na jambo linalopaswa kutufikirisha sisi tunaopeleka wageni ni kwamba hali ilikuwa karibu sawa penye kuwindwa na penye matembezi tu. Mnyama hangoji kukuuliza umekuja kwa nini.

Mwalimu wa tatu sipendi kumtaja, lakini nikimwacha nitakuwa nimekudanganya. Marufuku haikumaliza uwindaji wa nyama ya porini katika misitu ya pwani. Shimba, Arabuko-Sokoke, na vipande vya misitu vilivyo katikati, watu huingia na mbwa, na tochi usiku, na zaidi ya yote na mtego wa waya. Na hapa ndipo uhodari wote niliokueleza unapogeuka kuwa balaa kwa mwenyewe. Dume amejifunza kumsoma mtu anayetembea: mnuko wake, sauti yake, kusimama kwake. Waya hautembei. Hausemi. Mvua ikinyesha mara moja, harufu ya mikono iliyoutega imeondoka. Nao hutegwa wapi? Kwenye mapito membamba ya kichakani, yale yale aliyoyachagua dume ili akuepuke wewe na mimi. Kadiri anavyozidi kuwa na busara ndivyo anavyozidi kupita njia moja, na kadiri anavyopita njia moja ndivyo tanzi linavyomngoja. Niliwahi kumwona dume wa pongo mwenye waya wa breki ya baiskeli umezama juu ya kwato, nyama imeota juu yake. Alikuwa akitembea kwa miguu mitatu na bado alinisikia kabla sijamwona. Alikuwa amefanya kila kitu sawasawa maisha yake yote.

Kwa hiyo nakuomba kitu, ndugu na mwana: unaposhuka na askari, macho yako yasitafute mnyama tu. Tazama mapito, kimo cha goti, penye vijiti viwili vilivyopangwa kama mlango mdogo au tawi lililokunjwa bila sababu. Ukikuta waya, usiuguse na usiupige picha ya kutuma huku na huku. Mwonyeshe askari pale pale, yeye anajua la kufanya, na mara nyingi palipo na mmoja pana wengine.

Nisisahau kukwambia kwamba si kila dume ni wa namna hii, usije ukawaeleza wageni kanuni moja kwa wote. Palahala, ambaye katika Kenya nzima porini yuko Shimba Hills pekee, ni kinyume kabisa. Yeye ni wa majani ya peupe. Dume mweusi mwenye eneo lake husimama wazi, pembe zimepinda nyuma kama jambia, anakutazama mpaka uchoke, kwa sababu uwandani ulinzi ni kuona mbali. Funo na paa wao ni wa kichakani kama pongo, ila wadogo.

Na usimpe mgeni matumaini ya mwezi fulani. Mmarekani huitegemea Novemba, maana dume wa kulungu msimu wa kupandana husahau nusu ya hadhari yake, akatoka mchana kufuata jike. Pongo wetu huzaa wakati wowote wa mwaka, kwa hiyo hana mwezi mmoja wa kujisahau.

Basi kona yako. Usiiache, lakini ipumzishe wiki mbili, upite bila kusimama, mara asubuhi mara alasiri, mwendo ule ule. Mwache arudi kukuhesabu kuwa mpita njia. Ukirudi na mgeni, uwe langoni linapofunguliwa saa kumi na mbili, kwa hiyo Likoni utoke na giza. Angalia upepo kabla ya kona, si ukiwa pale: tupa vumbi kidogo dirishani, na ikiwa upepo unakwenda kwake, pitiliza, siku hiyo si yako. Ukiwa wako, usisimame penye kona. Simama hatua mia kabla, chini ya kivuli, uzime mara moja na usiwashe tena. Waambie wageni mapema kwamba hakuna kushuka na hakuna kunong'ona. Mnong'ono kwake ni sauti ya mtu, wala si kimya. Wasitafute mnyama mzima, watafute kipande: sikio linalogeuka peke yake, mstari mweupe shingoni, mguu uliosimama wima kati ya mashina. Mkae saa moja badala ya nusu. Na kwa kuwa sasa unajua hupenda kutokea upande ambao watu wameshapita, mmoja wenu aketi akitazama nyuma, na dirisha la nyuma mlishushe kabla hamjafika, lisije likalia.